Akiba ya Chuma: Kutoka Kwenye Kitovu Mpaka Kijiko cha Kwanza

(Hotuba hii ilitolewa Chake Chake, Pemba, katika Wiki ya Unyonyeshaji, mbele ya wakunga, wahudumu wa afya wa jamii na wazazi. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu mliokuja na watoto mapajani, akina baba mliosimama kule mlangoni (ingieni, viti vipo), wakunga wetu, wahudumu wa afya wa jamii: ahsanteni kwa kuja.

Naanza na swali. Lita moja ya maziwa ya mama ina madini ya chuma kiasi gani? Ni takriban miligramu 0.35. Mtoto mchanga anayenyonya vizuri hunywa kama mililita 780 kwa siku. Zidisheni wenyewe: anapata miligramu 0.27. Sasa chukueni kidonge kimoja cha kuongeza damu, kile anachopewa mjamzito kliniki. Kina miligramu 60. Kidonge kimoja kina chuma kingi kuliko maziwa anayonyonya mtoto kwa siku 220!

Mtu akiisikia hesabu hii huenda moja ya njia mbili. Kuna atakayesema, "Kumbe maziwa ya mama ni mapungufu, basi mtoto wa miezi mitatu apewe uji." Na kuna atakayesema, "Maziwa ya mama yana kila kitu, mtoto anyonye tu mpaka atimize mwaka, uji utakuja baadaye." Njia zote mbili zinatuletea watoto weupe viganjani, watoto wasio na damu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, watoto 58 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na upungufu wa damu. Siyo wote kwa sababu ya chuma. Malaria imo, minyoo imo, selimundu imo. Lakini chuma ni sehemu kubwa ya habari hiyo.

Chuma kidogo cha maziwa ya mama kina sababu yake. Mtoto amepangiwa kuzaliwa na akiba, kunyonya maziwa yenye chuma kidogo kinacholindwa, kisha kuletewa chuma kwa kijiko akifika miezi sita. Tukiharibu jambo moja katika hayo, mengine hayawezi kuliziba pengo. Na tukiharakisha kujaza chuma bila kupima, nalo lina hatari yake. Hilo hatukulijifunza mbali. Lilijulikana hapa hapa Pemba, na nitalifikia.

Tuanze na akiba. Wahenga walisema akiba haiozi. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na chuma kama miligramu 75 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo tatu ana miligramu 225 hivi, na sehemu kubwa imo ndani ya damu yake. Mama humwekea mwanawe akiba hiyo zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Ndiyo maana mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu, anaanza maisha na mfuko nusu. Wa kwake huweza kwisha miezi miwili au mitatu tu baada ya kuzaliwa, wakati mwenzake aliyetimia huvuta mpaka miezi sita.

Katika wiki za mwanzo wingi wa damu wa mtoto hushuka wenyewe. Msishtuke. Chembe nyekundu alizokuja nazo kutoka tumboni huvunjwa, na chuma chake hakitupwi. Huwekwa ghalani kitumike tena. Kwa hiyo kila tone la damu analozaliwa nalo ni chuma cha baadaye. Nani anaamua mtoto azaliwe na matone mangapi? Wakunga, mnajua jibu. Ni yule mwenye kibanio mkononi.

Mtoto akishatoka, kiungamwana, ule mrija wa kitovu, bado kinapiga. Damu yake mwenyewe, iliyobaki kwenye kondo la nyuma, inaendelea kumwendea. Nchini Mexico watafiti waliwafuatilia mama 476 na watoto wao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Watoto wa kundi moja walibanwa kitovu baada ya sekunde 10 hivi, wa kundi la pili baada ya dakika mbili. Walipopimwa wakiwa na miezi sita, waliosubiriwa walikuwa na chuma zaidi mwilini kwa miligramu 27.

Miligramu 27! Rudini kwenye hesabu yetu ya mwanzo. Hicho ni chuma cha maziwa ya siku 100. Dakika mbili za kusubiri, siku 100 za maziwa. Na waliofaidika zaidi ni wale wanaohitaji zaidi: watoto wa mama wenye akiba ndogo ya chuma, watoto wa kilo mbili na nusu mpaka tatu, na wanaonyonya bila kupewa maziwa ya kopo yaliyoongezwa chuma. Si ndio watoto wetu hao?

Kuna aliyesema labda hayo ni ya nchi zenye shida. Basi Sweden, ambako mama wanakula vizuri, katika hospitali ya Halmstad, watoto 400 waligawanywa vivyo hivyo: nusu kitovu kilibanwa ndani ya sekunde 10, nusu baada ya dakika tatu. Wakiwa na miezi minne, upungufu wa chuma ulionekana kwa watoto 5.7 katika 100 wa kundi la haraka, na 0.6 tu kwa waliosubiriwa.

Kwa hiyo mama zangu wakunga, mtoto akitoka, mkausheni, mlazeni juu ya tumbo au kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, mfunikeni. Watafiti wa Argentina waliwapima watoto uzito mwaka 2014 wakaona kwamba kumlaza juu ya mama hakumnyimi damu, hivyo hakuna haja ya kumshikilia chini. Sindano ya oksitosini ya vizio 10 mpeni mama ndani ya dakika ya kwanza kama kawaida. Sindano hiyo haidai kitovu kikatwe. Kisha subirini. Dakika moja ni kiwango cha chini, dakika tatu ni bora. Angalieni saa ya ukutani, msikisie, maana chumba cha uzazi kikiwa na kazi nyingi sekunde 20 huonekana kama dakika tatu. Mama mwenye virusi vya Ukimwi naye asubiriwe vivyo hivyo. Mtoto asiyepumua, aliyekaushwa na kusuguliwa mgongo na bado akawa kimya, huyo anahitaji mfuko na barakoa. Kama hamwezi kumpa hewa akiwa pale alipo, bana, kata, mpe hewa. Na wanaohofia manjano: ni kweli watoto wanaosubiriwa huhitaji matibabu ya mwanga kwa idadi iliyozidi kidogo. Dawa yake ni kumwangalia mtoto macho na ngozi siku za mwanzo, siyo kumnyima damu yake.

Tuje kwenye maziwa yenyewe.

Kwa nini Muumba aweke chuma kidogo hivyo kwenye chakula pekee cha mtoto? Mwaka 1972 huko London, Bullen na wenzake walichukua maziwa ya mama wakatia ndani yake bakteria wa E. coli, wale wanaosababisha kuhara. Bakteria wakashindwa kuzaliana. Watafiti wakafanya jambo moja zaidi: wakaongeza chuma kwenye maziwa yale yale. Ulinzi ukatoweka, bakteria wakastawi.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya maziwa ya mama mna protini inayoitwa laktoferini. Kila chembe yake ina nafasi mbili za kushika chuma, na zinazoachwa wazi ni nyingi. Bakteria wengi wa maradhi hawawezi kukua bila chuma. Laktoferini hukikamata kabla yao. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano yanayonata, ndiyo yenye laktoferini nyingi kuliko yote, gramu tano au zaidi kwa lita. Baadaye hushuka mpaka gramu moja au mbili. Mama anayekamua dang'a na kulimwaga kwa kuwa "chafu" anamwaga walinzi. Bakteria wazuri, bifidobakteria, wanaotawala tumbo la mtoto anayenyonya tu, hawana haja kubwa ya chuma, na wanalishwa na sukari maalumu zilizomo katika maziwa hayo hayo. Basi chuma ni chakula cha mtoto, na ni chakula cha vijidudu pia. Maziwa ya mama yanampa mwenye haki, wengine yanawafungia mlango.

Hapa nisahihishe jambo linalosemwa sana, hata kwenye mafunzo yetu. Husemwa kwamba nusu ya chuma cha maziwa ya mama hufyonzwa, na kwamba laktoferini ndiyo inayokiingiza. Vipimo vinatofautiana mno, kutoka kama asilimia 12 hadi karibu 50, kwa kutegemea umri wa mtoto na namna ya kupima. Na mwaka 1994 watafiti walipotoa laktoferini kwenye maziwa ya mama na kuwanywesha watoto, chuma kilifyonzwa zaidi, hakikupungua. Kazi iliyo dhahiri ya laktoferini ni ulinzi. Tufundishe hivyo.

Swali ambalo mama wengi huuliza: "Nikila maini kila siku, au nikimeza vidonge vya damu, maziwa yangu yataongezeka chuma?" Hapana. Titi hulinda kiwango chake. Mama mwenye damu nyingi na mama mwenye damu kidogo, maziwa yao hukaribiana kwa chuma. Mama ale maini na ameze vidonge kwa ajili ya mwili wake, maana ametoka kuzaa na amepoteza damu. Lakini asijilaumu kwamba maziwa yake "hayana damu", wala asiyaache kwa sababu hiyo. Na kumwanzishia mtoto uji, maji ya sukari au chai ya rangi kabla ya miezi sita kunaingiza vijidudu, kunapunguza kunyonya, na chai yenyewe inafunga chuma. Mama anayenyonyesha tu, anyonyeshe tu. Mpaka miezi sita. Siku 180.

Halafu siku ya 181 inafika, na hapo ndipo tunapochelewa.

Niwaeleze kwa nini kuchelewa ni gharama. Huko Costa Rica, karibu na mji wa San José, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Betsy Lozoff na wenzake waliwachukua watoto 191 wa mwaka mmoja hadi miwili, wakapima damu yao, na uwezo wao wa kutambua mambo na kutumia viungo. Wenye upungufu mkubwa wa chuma walipewa dawa, na damu yao ikapanda. Kazi ingekuwa imekwisha hapo. Lakini watafiti hawakuondoka. Waliwapima tena watoto wale wakiwa na miaka mitano, tena wakiwa wanafunzi, tena wakiwa vijana. Waliokuwa na upungufu wa muda mrefu utotoni walibaki nyuma ya wenzao. Damu ilirudi, kilichokosekana wakati ubongo unajengwa hakikurudi chote. Umaskini nao ulichangia, na watafiti wenyewe wamelisema hilo. Hata hivyo, ni nani kati yetu atakayetaka kusubiri?

Mtoto wa miezi sita mpaka kumi na miwili anahitaji chuma kinachoingia mwilini kama miligramu 0.7 hadi 0.9 kila siku. Katika chakula cha nafaka na kunde hufyonzwa kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo sahani zake za siku nzima zinatakiwa ziwe na miligramu tisa hivi. Kikombe cha uji wa sembe mtupu, wenye gramu 25 za unga, hakifikishi hata miligramu moja. Na hiyo iliyomo imefungwa na faiteti, kitu kilichomo katika nafaka na kunde zote, ambacho hukishika chuma tumboni na kutoka nacho.

Nyumba nyingi zinajibu tatizo hili kwa unga wa lishe. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, vyote vinasagwa pamoja, na kadiri vinavyokuwa vingi ndivyo mama anavyoona ameweka lishe. Nasema kwa upole lakini nasema wazi: wingi wa nafaka katika kopo hauongezi chuma anachokipata mtoto. Unaongeza faiteti. Soya mbichi inatia uzito kwenye tumbo, na karanga zilizokaa unyevuni zinaleta sumukuvu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Nafaka moja na jamii moja ya kunde vinatosha. Maharage au choroko ziloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, maganda yatolewe, kisha zikaushwe na kukaangwa kabla ya kusagwa. Kinachosaidia kweli kinatoka kwa mnyama, nacho kisisagwe pamoja na unga wa mwezi mzima, kitaharibika.

Kipi hicho? Mwaka 1968 nchini Venezuela kundi la Miguel Layrisse liliwalisha watu maharage meusi na mahindi, vyakula vya maskini wa kule kama wa huku, wakafuatilia chuma chake mwilini. Walipochanganya na nyama ya ndama au samaki, chuma cha maharage chenyewe kilifyonzwa karibu mara mbili. Nyama na samaki wana chuma chao, na juu ya hilo wanakifungua chuma cha jirani aliye sahani moja nao.

Kwa hiyo, dagaa. Dagaa wakavu waondolewe vichwa, waoshwe mchanga mara tatu, na kama wametiwa chumvi waloweke. Wakaange bila mafuta mpaka wavunjike, watwangwe, wachujwe kwa chujio la chai. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji wa mtoto wa miezi sita, viwili akizoea. Unga huo uwekwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko, usizidi wiki moja.

Maini ya kuku ndiyo yanayozidi vyote kwa chuma: gramu 100 zilizopikwa zina miligramu 11 au zaidi. Ini la kuku mmoja ni kama gramu 30, na hilo ni miligramu tatu kwa mlo mmoja. Lichemshwe mpaka lisibaki wekundu ndani, lipondwe kwa uma pamoja na ndizi au kiazi. Mara mbili kwa wiki zinatosha, kwa kuwa maini yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto mdogo. Na baba, yale maini ya kuku ambayo desturi inakutengea wewe, mtengee mwanao. Mayai ni chakula kizuri kwa mengine, ila chuma cha kiini chake hufyonzwa kidogo. Msiyahesabu kama maini.

Mchicha, kisamvu na matembele vipikwe, lakini viende na ndimu. Kamulia mboga matone kadhaa baada ya kuiepua, si ikiwa motoni, maana moto unaua vitamini C. Pera lililopondwa, chungwa au embe mara baada ya kula linafanya kazi hiyo hiyo. Chai ni kinyume chake. Watafiti wa Afrika Kusini mwaka 1975 waliona kwamba mkate ulioliwa na chai ulitoa karibu theluthi tu ya chuma kilichofyonzwa ulipoliwa na maji. Mkate na chai, kifungua kinywa cha nyumba zetu! Mtoto wa chini ya miaka miwili hana haja ya chai hata kidogo, iwe ya rangi au ya maziwa.

Maziwa ya ng'ombe nayo yana chuma kama miligramu 0.5 kwa lita, yana kalisi na kaseini (protini ya maziwa) nyingi zinazozuia chuma, na kwa mtoto wa chini ya mwaka yanaweza kumtoa damu kidogo kidogo tumboni isiyoonekana kwa macho. Mtoto anayenyonya hayahitaji. Asiyenyonya kabisa anaweza kupewa kuanzia miezi sita, yasizidi nusu lita kwa siku, na vyakula vya chuma lazima viwepo.

Na kimea? Wazee wanakijua. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike, usage. Pika uji mzito wa kusimamisha mwiko, epua, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga: utauona unalegea mbele ya macho yako. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, kwa sababu kimea huwa na vijidudu. Mtoto anapata chakula kingi ndani ya tumbo dogo, bila maji mengi. Ukitumia mtama badala ya ulezi, sugua mizizi na machipukizi yote uyatupe, yana sumu. Kosa linalotokea mara nyingi ni mama kutia kimea kwenye uji ambao tayari ni mwepesi. Hapo unabaki na maji.

Katika haya yote, mtoto aendelee kunyonya. Miaka miwili kamili. Hilo hamhitaji mimi kuwakumbusha.

Sasa Pemba.

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika kisiwani hapa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Waliopewa miligramu 10 za chuma kila siku kwa mwaka mmoja waliendelea vizuri zaidi katika kusema. Chuma kilisaidia watoto wa Pemba. Ikaonekana: kama kinasaidia, kwa nini asipewe kila mtoto?

Ukaja utafiti mkubwa. Watoto zaidi ya 24,000 wa mwezi 1 hadi 35, nyumba kwa nyumba, vijiji karibu vyote. Huenda mmo humu ndani. Leo mna miaka ishirini na kitu, na mama zenu wanakumbuka vidonge vile. Chuma miligramu 12.5 na asidi ya foliki kila siku, nusu yake kwa walio chini ya mwaka. Hawakupimwa damu kwanza. Walipewa wote. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa. Kamati ya usalama iliona kwamba watoto waliopata chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa kwa ugonjwa mzito au kufariki kuliko wasiopata.

Tuseme nini juu ya hilo? Kwanza, Nepal, kwenye utafiti pacha mahali pasipo na malaria, madhara hayo hayakuonekana. Pili, ndani ya Pemba hii hii, katika kundi dogo la watoto 2,413 waliopimwa damu na kutibiwa malaria haraka, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Maradhi mazito yalipungua kwao. Dawa ni ile ile, kisiwa ni kile kile. Mwenye njaa ya chuma alisaidika. Aliyekwisha kushiba, katika mazingira ya malaria isiyotibiwa kwa wakati, aliongezewa hatari. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, ushauri wa dunia nzima juu ya kuwapa watoto chuma ulibadilika. Dunia ina deni kwa watoto wa Pemba, na inafaa watoto wenu walijue hilo.

Jirani zetu wa Msambweni, Kwale, nchini Kenya, wakaongeza kipande kilichokosekana. Watoto wa miezi sita walipewa uji wa mahindi uliotiwa virutubishi vya unga kwa miezi minne. Wenye chuma ndani ya pakiti zao, E. coli iliongezeka tumboni na bifidobakteria walipungua. Katika kundi la miligramu 12.5, watoto 27 katika 100 walihitaji kutibiwa kuhara, dhidi ya 8 kwa wasiopewa chuma. Utafiti ulikuwa mdogo, watoto 115 kwa jumla, na tofauti hiyo ya kuhara ingeweza kuwa bahati. Mabadiliko ya bakteria ndiyo yaliyo thabiti. Lakini je, halifanani na lile la London la mwaka 1972? Kisha mwaka 2017, hapo hapo pwani ya kusini ya Kenya, chuma kilipunguzwa mpaka miligramu 5 na kikachanganywa na sukari inayofanana na zile za maziwa ya mama, gramu 7.5. Sehemu kubwa ya madhara ya tumboni ilizuilika. Mimi naliona hilo kama sababu nyingine ya kutokumwachisha mtoto ziwa wakati anapewa dawa ya chuma.

Wahudumu wa afya, shikeni haya kama yalivyo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 hadi 12.5 kwa siku, miezi mitatu mfululizo kwa mwaka, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 mahali ambapo upungufu wa damu unafikia asilimia 40. Na penye malaria, iende pamoja na chandarua, kipimo na matibabu. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo hasubiri miezi sita: miligramu 2 kwa kila kilo kila siku, kuanzia miezi miwili. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Mwenye utapiamlo mkali haanzishiwi chuma siku za mwanzo, mpaka aanze kuongezeka uzito. Kipimo cha damu ya kidole kikionyesha hemoglobini, yaani wingi wa damu, chini ya gramu 10.5 kwa desilita kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, hicho ndicho kikomo kipya tangu 2024, ana upungufu wa damu, lakini hakijasema sababu yake. Angalieni viganja, ulizeni kama anakula udongo, ulizeni habari za minyoo na selimundu.

Pakiti ya virutubishi: moja kwa siku, kwenye uji mzito au chakula kilichopondwa ambacho kimepoa kiasi cha kuliwa. Ukiitia kwenye chakula cha moto, utando unaofunika chuma huyeyuka, chakula hubadilika rangi na ladha, mtoto hukataa, na mama huamua dawa ni mbovu. Itiwe kwenye vijiko vichache vya kwanza, vimalizwe ndani ya nusu saa, asigawiwe ndugu yake. Choo kikiwa cheusi, ni chuma tu.

Na vile vidonge vya mama, vyenye miligramu 60, vyekundu na vitamu kwa nje, viwekwe juu, mbali na mkono wa mtoto. Mtoto wa kilo kumi akimeza kumi anaweza kufa. Akivimeza, hata kama anacheza na haonyeshi lolote, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na pakiti yake mkononi. Chuma humtapisha mtoto, kisha huweza kumtuliza kwa saa kadhaa kana kwamba amepona, ndipo kimwangushe.

Pale kwenye meza ya dirishani pana sufuria mbili za uji, kimea cha ulezi, dagaa waliotwangwa na maini ya kuku yaliyochemshwa. Mama wenye watoto waliotimiza miezi sita, njooni mbele kwanza na vijiko vyenu. Akina baba pia. Nawieni mikono pale mlangoni, tuanze na ule uji mzito.